Kadi za Kizazi Chetu

Kijana wa kijiji chetu cha Nkoma akisema "imebaki miezi minne nichukue kadi", anazungumzia pikipiki. Ana mkataba na tajiri, labda wa Bariadi mjini, labda wa Lagangabilili; kila jioni anapeleka hesabu, na siku hesabu ikitimia tajiri atamkabidhi kadi, kile kijikaratasi chenye namba ya usajili na namba ya injini, na chombo kitakuwa chake. Mzee wa umri wangu akisikia maneno hayo hayo, kinachomjia kichwani kwanza ni chama. Sisi tulipokuwa vijana kuchukua kadi kulikuwa na maana moja, na hakuna aliyeuliza kadi ya nini.

Neno lenyewe ni la Waingereza, nao walikwisha kulitumikisha sana kabla halijatufikia. Kwao kuna kadi ya kuchezea, ya kualikia, ya kumtakia mtu heri ya Krismasi. Mtu mcheshi asiyeishiwa vituko naye huitwa kadi. Mfanyakazi akiambiwa achukue kadi zake, ujue amefukuzwa, maana tangu Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 mwajiri wa Uingereza alikuwa akitunza kadi ya mfanyakazi na kuibandika stempu za michango, na siku ya kuachana alimrudishia. Iko pia kadi nyingine kabisa, isiyo na udugu na hizo: kitana cha meno ya waya kinachochana pamba na kunyoosha nyuzi kabla hazijasokotwa, ambacho jina lake asili yake ni mbigili. Pamba ya Nkoma ikitoka kwenye kinu cha kuchambulia na kufika kiwanda cha nguo, hupitishwa humo. Sisi tunaoilima tumeishi na kadi za kila namna, ila hiyo iliyo karibu zaidi na jasho letu hatujawahi kuiona.

Ile kadi ya kwanza ina ukoo mpana. Wagiriki waliuita ukurasa wa mafunjo khartes. Waarabu wakauita qirtas, na kwa njia hiyo tukapata karatasi. Wareno walisema carta, nasi tukapata karata. Waingereza walipokuja tukapata kadi, na nyuma yake chati, katoni na katuni. Wote hao babu yao mmoja, na mafunjo yenyewe yamejaa kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, safari ya siku moja kutoka hapa nyumbani. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na hakuna somo lililowafurahisha watoto kama hilo: kwamba karata wanazocheza kwa kujificha na karatasi ya mtihani wanayoiogopa ni ndugu.

Kizazi cha baba zetu hakikuhitaji kadi ili kijulikane. Mtu alijulikana kwa ukoo, kwa mji wake, na kwa ngoma yake: huyu Mgika, yule Mgalu. Vijana walikwenda kulima kwa zamu chini ya basumba batale, viongozi wao, na hakuna aliyeandikwa jina. Karatasi zilipokuja zilikuja kwa ajili ya kuhesabu watu. Ilikuwapo stakabadhi ya kodi ya kichwa, ambayo mwanaume alitembea nayo asije akakamatwa njiani. Kilikuwapo kipande, kwa wale waliokwenda Tanga kukata mkonge. Kipande kilikuwa na visanduku 30. Ukimaliza kazi ya siku unatiwa alama kwenye kisanduku kimoja, na mshahara unakuja vyote vikijaa. Siku uliyougua haikuingia. Watu hao waliitwa manamba, na walirudi Usukuma na vipande vyao vya zamani mifukoni, wakiwa hawana la kuvifanyia.

Ndiyo maana kadi ya TANU iliwaingia wazee wale kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza kijana wa leo. Kwa mara ya kwanza karatasi ilikuwa na jina lako kwa sababu wewe umetaka. Uliilipia. Hakuna karani aliyekutuma ukaichukue. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na mwaka huo huo serikali ikaikatalia usajili katika Jimbo la Ziwa. Hadi mwaka 1958 chama kilikuwa marufuku kwetu, wakati majimbo mengine kinafanya mikutano. Watu wa huku wakasukuma mambo kupitia ushirika wa pamba. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa, likaja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya wakulima barani Afrika. Lakini kadi za TANU zilifika hata hivyo. Baba yangu alituonyesha yake baada ya Uhuru. Ilikuwa na harufu ya mtama, kwa kuwa ilikaa ndani ya debe, chini ya nafaka, muda wote wa marufuku.

Sisi wanawe tulizikuta kadi zikiwa huru. Mimi nilichukua ya Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa chama, na kila kijana wa kanda hii alitaka kutembea kwenda mahali fulani, popote. Tuliamini ahadi za mwanachama neno kwa neno. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu siku hizi wapo wanaodhani tulikuwa tunaigiza. Tulikuwa tunashona kifuniko cha kitambaa kwa ajili ya kadi isichakae, na mwenzetu akionekana amelewa sokoni tulimwambia: na kadi unayo!

Kilichofuata kila mtu wa umri wangu anakijua, ila hatukisemi sana. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipita mkoani Shinyanga, ambako Bariadi ilikuwa wakati huo, na watu wakahamishwa kutoka kwenye mbuga na miji ya babu zao. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa tamko, na uanachama ambao mkulima aliujengea kwa pamba yake ukakosa pa kukaa mpaka ushirika uliporudishwa katika miaka ya 1980. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi zikaungana, tukapewa kadi mpya za CCM. Hakuna ubaya katika kubadili kadi. Ubaya ulikuja polepole: kadi ambayo wazee waliificha kwenye debe kwa hatari ikawa kitu cha kutoa mfukoni ili upite. Uongozi wowote, kuanzia kijijini, ulidai kadi. Aliyeitaka kwa moyo na aliyeitaka kwa sababu ya cheo walipanga foleni moja, na mwandikishaji hakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Bariadi ikawa ngome ya UDP ya John Cheyo, aliyekuja kuwa mbunge wa Bariadi Mashariki. Ndipo tukajifunza msemo ambao hatukuwa nao: kurudisha kadi. Mkutano wa hadhara ukikaribia mwisho, msemaji anawaita waliohama chama kingine. Wanapita mbele mmoja mmoja, wanaziweka kadi za zamani mezani, mshereheshaji anahesabu kwa kipaza sauti, wanapewa mpya, vigelegele. Kuna miji hapa kwetu ambamo baba na mtoto walilala nyumba moja wakiwa na kadi mbili tofauti, wakaendelea kulima shamba moja, na hilo nalihesabu kuwa jambo la heshima kwa watu wa Ntuzu na Itilima. Lakini mtoto wa miaka 10 aliyekuwa amepanda juu ya mwembe kutazama mikutano ile alijifunza kwamba kadi ni kitu cha kubwaga mezani. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, na anapotuambia chama hakimhusu, asiulizwe kana kwamba wazo hilo amelitoa mbali.

Kadi iliyobadili maisha ya Nkoma kuliko zote ilikuwa kijijini miaka hiyo yote, na wanaume wa kizazi changu hatukuibeba.

Ilikuwa ya karatasi ngumu, imekunjwa, imetiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, na mfuko uko ndani ya sanduku la mama, chini ya khanga. Kadi ya kliniki. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, katika miaka ile ile vijiji vinapangwa na zahanati zinajengwa, na miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya iliyowakusanya watu kando ya redio. Juu ya kadi kuna jina la mtoto, jina la mama, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Kuna visanduku vya chanjo: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua. Halafu ukifunua unakuta mchoro: chini miezi, pembeni kilo, na katikati njia za rangi zinazopanda kwenda kulia, kijani, kijivu na nyekundu.

Siku ya kliniki mizani ilitundikwa kwenye boriti ya baraza la zahanati. Mtoto alivalishwa kaptula ya turubai yenye mikanda, akaning'inizwa huku analia, na muuguzi akausoma mshale haraka kati ya teke moja na lingine. Kisha akaweka nukta kwa kalamu na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani aliisoma karatasi ile bila kusaidiwa na mtu. Mstari ukipanda, aliondoka anazungumza na wenzake kwa sauti. Ukilala, alijua kabla muuguzi hajafungua mdomo. Ukishuka na kugusa kijivu, jioni ile uji wa mtama ulitiwa karanga zilizosagwa, hata kama ni zile za mbegu.

Kijiji kilikuwa na mizani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pamba, pale ghalani, na hiyo tuliilinda. Tulisimama mbele yake tangu asubuhi, tuliujua mshale wake, tuligombana kwa ajili ya kilo moja, tulikataa pamba yetu safi isiandikwe fifi (daraja la chini), na tulichagua kamati ya kusimamia. Ya pili ilipima watoto wetu, na wengi wetu hatukujua hata inatundikwa siku gani. Kazi hiyo ilikuwa ya akina mama: kutembea na mtoto mgongoni, kukaa juani, kukumbuka tarehe ya kurudi, kuhifadhi kadi isiliwe na mchwa wala isinyeshewe. Hakuna aliyewapigia vigelegele. Jina lao kwenye kadi zile lilikuwa kwenye mstari wa pili, baada ya jina la mtoto.

Mama yangu alizaa watoto tisa, tukakua wanne. Katika miji ya jirani hesabu ilikuwa hivyo hivyo, na surua ilikuwa na msimu wake kama mvua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 147 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Bado ni wengi mno. Lakini kushuka huko, ndani ya nusu ya umri wa mtu, ni jambo kubwa kuliko mengi tuliyoyaimba. Limeletwa na chanjo, vyandarua, vitamini A, maji, wauguzi waliokaa vijijini bila umeme. Kadi haikumponya mtoto. Ila bila kadi muuguzi mpya aliyehamia jana asingejua kwamba huyu wa mama fulani alichomwa sindano mbili na ya tatu haikuchomwa, wala asingeona kwamba kilo nane za leo, zinazoonekana nzuri, ni zile zile za miezi mitatu iliyopita.

Kadi nyingine waliyoibeba wanawake, na baadaye wanaume pia, nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa wenye nazo wangali hai na siri ni yao. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, zilikuja na kadi ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo. Ilikaa chini ya godoro, wengine waliikabidhi kwa dada aliye kijiji cha pili. Nilipoona hivyo nilikumbuka debe la mtama la baba. Watu wanaficha kadi wakati jamii iliyowazunguka haijawa tayari kuwa upande wao. Kwa TANU tulichukua miaka minne. Kwa hii tumekwisha kupita 20, na kuna nyumba ambazo bado inafichwa.

Sasa tazama kadi za hawa wajukuu. Ni nyingi kiasi kwamba nimeona kijana akizifunga kwa mpira: ya benki, ya mpiga kura, ya bima ya afya ya CHF. Harusini kadi ina kipimo, kama umechanga kwa ajili ya mmoja au wawili. Mwaliko wenyewe sasa unakuja kwenye simu. Uwanjani wachezaji wanalimwa kadi, ya njano au nyekundu, na huo ni uvumbuzi wa mwamuzi Mwingereza, Ken Aston, aliyepata wazo kwa kutazama taa za barabarani London. Zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico. Na kubwa kuliko zote ni laini ya simu, kadi ndogo kuliko ukucha. Mwisho wa kuisajili kwa alama za vidole ulipowekwa tarehe 20 Januari 2020, watu wa vijiji hivi walilala nje ya ofisi wakitafuta namba ya kitambulisho cha Taifa. Wengi walipata namba na kukaa muda mrefu bila kitambulisho chenyewe.

Wenzangu wanalalamika kwamba vijana hawana kadi ya kitu chochote, kwamba kila kadi yao ni ya mtu mmoja, ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi na chombo hiki ni changu. Siwaungi mkono. Kijana anayepeleka hesabu kila jioni, mvua au jua, akijinyima mpaka akabidhiwe kadi, anafanya kwa jasho lake kile ambacho sisi tulikitarajia kutoka kwenye tamko. Hakuhamishwa, hakuahidiwa. Ninachomwonea huruma ni kwamba anakifanya peke yake. Chombo kikiharibika mwezi wa kumi, hesabu inaendelea, na hakuna ushirika wa kumshika mkono. Hapo ndipo tulipaswa kuwaachia kitu, kwa sababu ushirika tuliujua, na tuliuona ukivunjwa tukiwa tumekaa kimya na kadi mpya mifukoni.

Na hata kijana huyo, anapotaka kuingia kwenye hesabu za serikali, anarudishwa kwa mama yake. Ili apate kitambulisho cha Taifa anadaiwa cheti cha kuzaliwa. Wengi wa Nkoma hawakupata cheti utotoni. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulianza mwaka 2013, tena ulianzia Mbeya. Basi anakwenda kuomba akiwa mtu mzima, na mwombaji wa namna hiyo huulizwa vielelezo: cheti cha ubatizo, cha kumaliza shule ya msingi, kadi ya kliniki. Anapiga simu nyumbani. Mama anafungua sanduku, anafungua fundo la nailoni, anasoma tarehe. Nimeshuhudia simu hizo mara nyingi kwa kuwa wengine huomba wasomewe na mwalimu.

Kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Wanahifadhi ngoma kubwa na viti vya watemi, na kadi za TANU mtu huenda akazikuta kwenye makumbusho mengine ya nchi hii. Ningependa wapokee pia kadi moja ya kliniki ya Nkoma. Mke wangu anazo zote za watoto wetu. Nimemwomba ile ya mtoto wa tatu, ambayo mstari wake unashuka hadi kwenye kijivu mwaka mvua ilipokatika mapema, unalala miezi mitano, halafu unapanda. Amefikiri siku kadhaa. Amesema atatoa, kwa masharti mawili: jina lake yeye liandikwe kwenye kibao, na mtoto mwenyewe, ambaye sasa anaishi Geita na ana wajukuu, aulizwe kwanza.